Kioko Aliyekwenda kwenye Sherehe ya Bia

Mwende mwanangu,

Kwa miaka zaidi ya arobaini nimewaficha watu wote wa nyumba hii kwamba niliwahi kwenda kwenye sherehe ya bia ya Wajerumani. Nilikwenda. Nilipanda basi Jumamosi asubuhi, nikaketi ndani ya hema, nikanywa, nikafanya jambo ambalo mtu mwingine alilibeba. Mtu huyo leo mchana alikuwa uwanjani kwetu, kwenye kiti cha plastiki chenye mguu uliopasuka, akila pilau ya kukuaga wewe. Mnamwita Mjerumani. Jina lake ni Josefati Kioko, na hajaonja bia maisha yake yote.

Natamani ningeweza kuishia hapo. Lakini hilo nililokwisha kuandika, yeye mwenyewe analijua. Liko lingine asilolijua, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Wageni wameondoka. Nawasikia dada zako nyuma ya nyumba wakisugua masufuria na kubishana kama sanduku lako limezidi uzito. Kuhusu koti, soksi za sufu na namna ya kubadilisha ndege, shangazi yako Ndinda amekuandikia kurasa tatu, na yeye hajapita Mombasa. Mimi sina la kuongeza huko.

Ningekwambia kwa mdomo, lakini koo langu unalijua. Tangu wanikate mara ya pili, sauti iliyobaki inatosha kuomba maji. Haitoshi kuungama. Na yule daktari kijana, tulipoonana mara ya mwisho, hakuniambia nirudi lini. Nimefundisha miaka thelathini na minne. Mtu anayeruka swali namjua.

Nianze na leo. Ulikuwa umesimama katikati ya binamu zako ukiwasomea barua kwenye simu. Ofisi ya wanafunzi huko unakokwenda imewaandikia wageni wote: wikendi ya kwanza baada ya kufika mtapelekwa kwa basi hadi Munich kwenye ile sherehe kubwa ya bia, na anayetaka aandike jina lake mapema. Mumo akapiga mluzi.

"Wewe na kwaya yako! Utaenda kunywa na nani?"

"Niko na macho, si lazima niende na mdomo," ukamjibu. "Naenda kuangalia tu."

Mumo akageuka kwa wazee. "Na kwani anauliza nani? Si tuko na Mjerumani hapa! Mzee, hebu mwambie Mwende hiyo bia ya huko iko aje."

Watu walianza kucheka hata kabla hajajibu. Josefati aliweka sahani chini, akapangusa vidole kimoja kimoja.

"Nenda uone, mwanangu," akasema. "Ukirudi uniambie iko aje. Mimi sikuiona."

Basi, uwanja mzima ukalipuka. Ndinda alijifuta machozi kwa leso. "Mpaka leo anakataa!" Na mtu mmoja nyuma, nadhani yule fundi wa mabati, akapaza sauti: "Ni kweli, yeye hakuiona bia! Bia ndiyo ilimwona!" Wakacheka upya. Ulicheka na wewe, Mwende. Sikulaumu, kwa maana aliyekufundisha kumcheka mtu huyo ni mimi.

Kisha akanitazama kupitia katikati ya watu. Hakuwa na hasira. Alinitazama jinsi mtu anavyotazama saa ya ukutani kuona kama bado inatembea. Nikajifanya nakohoa.

Kesho saa moja asubuhi atarudi. Amesema kuna kitu anataka kukupa ubebe. Gari la kukupeleka uwanja wa ndege litakuja saa tatu. Kati ya saa hizo mbili kuna jambo nitakuomba, na ili uelewe ninaloomba, lazima nikurudishe nyuma.

Mimi na Josefati sote ni Kioko kwa sababu tulizaliwa asubuhi. Hapa kwetu jina hilo halijawahi kumsumbua mtu. Ukiita "Kioko" sokoni watageuka kumi, lakini ukiongeza jina la mama anageuka mmoja. Mimi ni Kioko wa Syombua, yeye ni Kioko wa Kalondu, mto mmoja kati ya mashamba yetu. Tulisoma darasa moja tangu la kwanza, na alikuwa akinizidi. Hilo pia sijawahi kulisema mbele ya mtu. Mitihani ilipotoka, yeye alikuwa juu yangu, na ufadhili wa kwenda Ujerumani kusomea uhandisi wa maji ulipokuja tukachukuliwa wote wawili, yeye kwanza.

Huko tukaandikwa J. Kioko na J. Kioko. Yeye Josefati, mimi Jeremia. Wajerumani walidhani ni ndugu, na tulipokataa walidhani hatukuelewa swali. Fomu zao hazikuwa na mahali pa kuandika Syombua wala Kalondu. Barua za nyumbani zilichanganyika kila wiki. Nilisoma habari za ng'ombe wa kina Josefati, yeye akasoma za mama yangu na meno yake. Tulikuwa tukiketi kitandani tukicheka. Usifikiri ulikuwa uadui. Ulikuwa urafiki ambao sijapata mwingine kama huo, mama yako anisamehe kwa kusema hivyo, huko aliko.

Mwaka wetu wa pili, mwezi kama huu, kwenye ukuta wa ukumbi wa bweni zilibandikwa karatasi mbili, moja kando ya nyingine. Moja ilitoka kwa kanisa la mtaani: sikukuu ya mavuno, siku ya Jumapili. Nyingine ilitoka kwa chama cha wanafunzi: safari ya Jumamosi kwenda kwenye bia. Zote mbili zilikuwa na lile neno lao, *Fest*, ambalo sisi tulikuwa tumejifunza kuwa ni sikukuu. Sasa wewe mwambie Mkamba wa kanisani, mwezi wa mavuno, kwamba kuna sikukuu. Atafikiria nini? Atafikiria mahindi mbele ya madhabahu, kuku waliofungwa miguu, na mzee wa kanisa akinadi malenge baada ya ibada. Josefati aliona neno, akaona basi, hakusoma zaidi. Akaandika: Kioko, J., na namba yake ya uanafunzi.

Alikuja chumbani mbio. "Kioko! Kumbe hata hawa wako na mavuno! Na wanatupeleka na basi!" Akavuta sanduku chini ya kitanda, akatoa mfuko wa muthokoi. Kalondu alikuwa ameyakoboa yale mahindi kwa mikono yake, na Josefati alikuwa ameyahifadhi zaidi ya mwaka, akingoja siku itakayostahili. "Nitapeleka hii. Waone na sisi tunalima."

Siku mbili baadaye jirani yetu wa bwenini alimweleza ni sikukuu ya nini. Jirani alicheka hadi akaketi sakafuni. Josefati naye alicheka. "Nikapeleke muthokoi kwa walevi! Mama angenipiga na mwiko!" Akachukua kalamu aende kulifuta jina lake.

Nikamwambia, "Usifute. Basi limejaa, wamefunga orodha. Nitaenda na nafasi yako. Jina ni moja."

"Kioko, wewe hunywi."

"Nani amesema nitakunywa? Naenda kuangalia tu."

Ndiyo, Mwende. Maneno uliyosema leo. Ndiyo sababu nilikohoa.

Sikukatazi kwenda. Nisingekuwa na uso wa kukukataza, na bia yenyewe si adui yangu. Naogopa tu mtu anayejiambia anakwenda kuangalia, kwa kuwa huyo hajajiandaa kwa lolote. Kama utakwenda, nenda kwa jina lako mwenyewe, uliandike lote, na uende kama mtu atakayejibu akiulizwa alikuwa wapi.

Hema lile lilikuwa kubwa kuliko kanisa lolote nililowahi kuliona, na watu walikuwa wakiimba kuliko tunavyoimba sisi Pasaka. Bendi ya tarumbeta jukwaani. Meza ndefu, mabenchi, watu wamepanda juu ya mabenchi. Wanawake wa kuhudumia walipita wakiwa wamekumbatia glasi kumi kumi kifuani, kila glasi ni lita nzima, kioo kinene, nzito kama jiwe la kusagia hata ikiwa tupu. Nilikaa saa nzima bila kugusa kitu. Kisha mzee mmoja wa meza yetu akanivalisha kofia yake yenye unyoya, na mke wake akanipitishia mkono kiwikoni ili tuyumbe pamoja na wimbo. Tangu nifike nchi ile, hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kunishika mkono bila kuangalia kiganja chake baadaye. Hiyo ndiyo iliyonilewesha kwanza. Bia ilifuata.

Ilikuwa chungu. Nilimaliza moja kwa heshima, ya pili kwa furaha. Ya tatu sijui kwa nini. Nilikuwa nimesimama juu ya benchi, mhubiri wa vijana wa Machakos, nikiimba maneno nisiyoyajua.

Kijana wa meza ya nyuma alininyang'anya ile kofia. Akanisugua nywele kwa kiganja, kama mtu anayempapasa kondoo mnadani, akasema neno moja kwa wenzake. Wakacheka. Sikulielewa lile neno. Nimelitafuta kichwani miaka yote hii na hadi leo sijui kama lilikuwa tusi. Ila nilijua kicheko. Nikainua glasi yangu na kuizungusha kwa nguvu zangu zote kuelekea uso wake.

Aliinama. Nyuma yake alikuwa anapita msichana wa kuhudumia, amekumbatia glasi zake, hana mkono wa kujikinga.

Sitakuandikia alivyoanguka. Nitakwambia tu kwamba bendi haikunyamaza mara moja. Iliendelea kama pumzi tano hivi, na katika pumzi hizo tano nilikwisha kushuka chini ya meza, nikatambaa kati ya miguu ya watu, nikatokea nyuma ya hema kwenye vyoo. Nikatembea. Nikapata treni. Nililala kituoni kwenye benchi, nikafika bwenini Jumapili asubuhi.

Josefati alikuwa amevaa suti yake ya kanisa, mfuko wa muthokoi mkononi. Alikuwa akienda kwenye mavuno, yale ya kweli. Aliona shati langu.

"Umeanguka?"

"Nimeanguka."

Akaweka mfuko chini, akavua koti, akanivua lile shati akalitia kwenye beseni la maji baridi na chumvi. Alisema damu ikipata maji ya moto haitoki. Alichelewa kanisani kwa sababu ya kulifua. Alipokuwa anasugua nikamweleza yote, naye hakuacha kusugua. Mwishoni akauliza swali moja tu: "Yule msichana, anaona?"

Sikujua. Baadaye ofisi ya ufadhili ilisema jicho moja halitaona tena. Jina lake sikulijua, wala sikulitafuta. Ulipozaliwa wewe, msichana wa kwanza baada ya wavulana watatu, nilikutazama macho siku nyingi kabla sijaweza kukutazama wewe.

Jumatatu wakamwita Josefati, kwa maana kwenye orodha ya basi kulikuwa na Kioko mmoja, na namba ilikuwa yake. Alirudi saa sita mchana. Nilikuwa nimejifunika blanketi, najidai ninaumwa.

"Nimewaambia niliandika jina lakini sikuenda," akasema. "Wameniuliza nani alienda. Nimesema huyo atakuja mwenyewe."

Nikageukia ukutani.

"Nenda kesho, Kioko. Waambie ulikuwa umelewa na yule kijana alikushika kichwa. Hawa si watu wabaya. Watakusikiliza."

"Nitaenda."

"Mimi siwezi kukutaja. Ukijitaja mwenyewe ni kitu kingine."

Jumanne nilikwenda. Nikarudi nikamwambia mlango ulikuwa umefungwa, na karatasi mlangoni ilisema wamesafiri hadi Alhamisi. Alhamisi barua ikafika: ufadhili wa Josefati umekatizwa, arudi nyumbani. Hawakutaka mambo ya polisi wala ubalozi, walitaka kumalizana naye haraka. Alitaka kwenda kuongea nao tena, wakasema jambo limefungwa.

Nilimsindikiza hadi uwanja wa ndege. Alikuwa amevaa ile suti. Kabla hajaingia ndani akanishika mkono, akanivuta kando ya watu.

"Kioko, nikuulize. Walikuita?"

"Hawakuniita."

"Hata mara moja?"

"Hata moja."

Akavuta pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. "Basi ni Mungu amechagua. Ungekuwa umeitwa ukanyamaza, hiyo ningeshindwa kuibeba. Lakini hukuitwa. Na sasa ukijitaja tutarudi wawili, Kalondu na Syombua walie wote. Kaa umalize. Hii niachie mimi."

Akaingia. Nilikaa nikamaliza.

Nimeyarudia moyoni maneno yake haya mara nyingi kuliko nilivyosoma maandiko. Hakunisamehe kila kitu, Mwende. Alisamehe glasi. Alisamehe woga. Aliweka mpaka, akaniambia mpaka uko wapi, akaniuliza niko upande upi, na nikamjibu.

Niliporudi baada ya miaka mitatu, hadithi ilikuwa imekwisha kujengeka bila mimi. Kijiji kizima kilijua: mtoto wa Kalondu alipelekwa ng'ambo akashindwa na pombe. Wazazi wake walikuwa wamemwuliza, naye aliwaambia jambo moja tu, kwamba hakunywa. Hakusema nani alikunywa. Ukikataa kosa bila kumtaja mwenye kosa, watu huona unakataa tu. Alikuwa Lukenya akipasua mawe. Kanisa lilikuwa limemwondoa kwenye uongozi wa vijana, na nafasi hiyo nilipewa mimi wiki ya pili baada ya kushuka ndege. Niliipokea.

Baba yake alikuja kuniona. Mzee yule alivua kofia mlangoni, mbele yangu mimi kijana. "Mwanangu, mlikuwa wote. Ni kweli alikuwa anakunywa?"

Sikusema ndiyo. Nilisema, "Mzee, maisha ya kule ni magumu." Akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia, akaenda. Nilijisifu moyoni kwamba sikudanganya. Jihadhari na sentensi za aina hiyo, mwanangu, zile ambazo kila neno lake ni la kweli. Nimezitumia nyingi, na ndizo zilizoniharibu kuliko uongo, maana uongo angalau ulinikosesha usingizi.

Mliniuliza mara nyingi kwa nini mtu mwenye shahada ya uhandisi wa maji alikwenda kufundisha fizikia. Nilikuwa nikiwajibu kwamba wito ni wito. Ukweli ni kwamba kazi yangu ya kwanza ilikuwa kisima huko Kivaa. Pampu ilikataa. Nilihangaika nayo siku tatu, na siku ya nne wanakijiji wakamleta fundi wao. Alikuwa Josefati, viganja vimepasuka kwa mawe, hana cheti hata kimoja. Aliisikiliza ile pampu kwa sikio, akaifungua, akaifunga, maji yakatoka. Wanakijiji wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Huyu hata akilewa anajua kazi!" Na Josefati akanigeukia kwa upole, kwa Kikamba, akasema nisijali, mashine hiyo ilikuwa na tatizo ambalo vitabu havilisemi. Nilijiuzulu mwezi uleule. Kila pampu unayoisikia ikinguruma kutoka hapa hadi Konza, yaelekea imepita mikononi mwake. Hata yetu.

Ungedhani baada ya hapo ningesema. Badala yake nilizidi. Unakumbuka ulipokuwa kidato cha pili, mimi mwalimu mkuu wako, nikasimama gwarideni Jumatatu asubuhi nikawaambia wanafunzi mia tano habari za kijana mmoja wa hapa hapa, mwenye akili kuliko wote, aliyefika Ujerumani akapoteza kila kitu kwa wikendi moja ya bia? Sikumtaja. Sikuhitaji. Wiki ile watoto walianza kumfuata barabarani wakiinua vikombe vya plastiki. Nilikuona dirishani ukiwa nao. Ulikuwa na kikombe cha kijani.

Nilirudia hotuba ile kila mwaka hadi nilipostaafu. Kila mara niliitoa vizuri zaidi.

Sasa unajua kwa nini siwezi kukupa mawaidha ya kawaida. Lakini liko moja nililojifunza kwa mwili wangu, na nitakupa kama mtu anayekuonyesha kovu. Nilidhani jambo hili lilitokea ndani ya hema. Halikutokea huko. Katika hema nilikuwa mlevi, na mlevi anaweza kulia, akaomba msamaha, akalipia kosa lake, akaendelea kuwa mtu. Nilipojiharibu nilikuwa sijanywa hata tone. Nilikuwa nimeoga, nimechana nywele, nimevaa shati safi alilonifulia mwenzangu. Ikifika siku yako ya kuogopa, na itafika, huko ugenini, usitazame sana ile saa ya fujo. Tazama siku ya tatu yake, mambo yakiwa yametulia, na mtu mpole anakukaribisha kiti.

Hapo nimefika nilipokuwa nakwepa kufika.

Ombi langu ni hili. Kesho Josefati akija, mkaribishe hapa sebuleni. Nitakuwa nimeketi kwenye kiti changu. Usiwaite dada zako kwanza, wao watasikia baadaye, na kanisa litasikia Jumapili. Nimekwisha kumwandikia mchungaji barua yake ya kusoma mbele ya watu, na bahasha iko kwa Ndinda, imefungwa, hajui kilichomo. Nimefanya hivyo makusudi ili kesho nisipate njia ya kurudi nyuma. Lakini Josefati hastahili kusikia akiwa katikati ya watu wanaogeuza shingo kumtazama. Anastahili kusikia kwanza, na kwa sauti ya mtu. Mimi sauti sina. Msomee wewe.

Najua ninakutwika. Unakwenda safari, ungepaswa kubeba nguo tu. Nimefikiria kumpa karatasi asome mwenyewe. Nimeona kwamba huo ungekuwa ujanja wangu mwingine, kukaa kimya huku karatasi ikinisemea. Tena wewe ulikuwa na kikombe. Nadhani utataka kuwa mmoja wa watu waliomwambia. Kama nimekosea, mpe asome, sitakudai neno.

Sikio lake la kushoto halisikii vizuri tangu enzi za baruti za Lukenya, kwa hiyo keti kuliani kwake. Soma polepole. Anaweza kuinuka akaondoka katikati, mwache aondoke. Anaweza kunipiga, na ukiona ananipiga usiingilie. Anaweza pia kusema hajali tena, ni mambo ya zamani. Usimwamini, na usimruhusu akuzuie kufika mwisho.

Na usinitazame mimi unaposoma. Mtazame yeye.

Msomee hivi:

Kioko wa Kalondu, ni mimi, Kioko wa Syombua. Siku ya Jumanne mlango haukuwa umefungwa. Hakukuwa na karatasi yoyote mlangoni. Walikuwa wamenitumia ujumbe mimi mwenyewe asubuhi ile ukiwa darasani, niende saa nne. Nilikuta mama mmoja wa makamo, mwenye miwani, na mafaili mawili mezani, lako na langu. Alinikaribisha kiti. Alisema amesoma alama zako, ameongea na mchungaji wa mtaa, na haamini kwamba ni wewe, ndiyo maana ameniita kabla ya kuandika chochote. Aliniuliza ni Kioko yupi aliyepanda basi lile. Nikajibu. Hakuandika. Alivua miwani, akaniambia nifikirie vizuri, kwamba sitapigwa wala sitafungwa nikisema kweli, kisha akaniuliza tena.

Waliniita, Josefati. Waliniuliza mara mbili, na mara zote mbili nilisema ni wewe.